Mashua Iliyopanda Feri

Nakumbuka siku ile mashua yetu ilipovuka maji ya Kilifi bila kuyagusa. Ilivuka ikiwa juu ya lori, lori likiwa juu ya feri, na mume wangu Athmani akiwa ndani ya mashua huko juu, ameishikilia kamba kwa mikono yote miwili. Mimi nilikaa mbele na dereva, buibui nimelifunga vizuri, najiona malkia. Wakati huo daraja la Kilifi lilikuwa halijajengwa, na kila kilichotoka Mombasa kuja Malindi, iwe mtu, mbuzi au godoro, kilivushwa na feri. Wauza korosho walijaa pale. Mmoja wao, mama wa Kigiriama mwenye sinia kichwani, aliitazama mashua yetu kutoka mbele hadi nyuma, kisha akamwuliza Athmani taratibu, "Baba, hicho chombo chako kinaogopa maji?"

Feri nzima ilicheka. Mwingine akadakia, "Mwacheni, aliye juu mngojeni chini." Mimi pia nilicheka, maana nilikuwa na furaha, na mwenye furaha hachagui cha kucheka. Kabla hatujafika ng'ambo mashua ilikuwa imeshapewa jina na watu tusiowajua. Waliiita Abiria.

Mwanangu, nakusimulia haya kwa sababu juzi ulikuja ukakaa hapa barazani kwangu, ukaniambia kwamba pikapu unayoitaka wanakuuzia kwa bei kali hapa Malindi, na kwamba Mombasa utaipata kwa nafuu, na Nairobi kwa nafuu zaidi. Umesema kweli. Ilikuwa kweli tangu ujana wangu. Mimi sikukatazi kwenda. Kunywa chai yako kwanza, nikwambie yaliyonipata, kisha uende ukiwa na akili ya watu wawili, yako na yangu.

Miaka hiyo ya themanini Malindi ilikuwa imefurika wageni. Mahoteli yalitaka mashua za kuwapeleka watalii kwenye matumbawe kutazama samaki, na wenye mahoteli walilipa bila kuuliza mara mbili. Mbao nzuri nazo zilitoka mbali, na kila mkono ziliopitia uliongeza chake. Basi bei ikapanda, na sisi wengine tukabaki chini tukiitazama. Magari yalikuwa hivyohivyo. Aliyetaka gari kuukuu la kubebea nazi zake alipanda basi akaenda kulitafuta Mombasa, kwa kuwa wauzaji wa hapa walijua mnunuzi hana pengine pa karibu. Kila mtu alinung'unika, na mwenye nauli alikwenda kununua nje.

Athmani alikuwa mvuvi wa chombo cha watu. Unajua jinsi samaki wanavyogawanywa: hutoka fungu la chombo, likatoka fungu la nyavu, kinachobaki ndicho wavuvi wanachogawana. Alikuwa akirudi nyumbani mikono imechanika, na fungu kubwa limekwenda kwa mtu aliyelala. Mimi nilikaanga mahamri alfajiri na viazi vya karai jioni. Tulijinyima, mwanangu. Nilivaa leso moja mpaka maua yake yakafutika. Tulitaka siku moja fungu la chombo lije nyumbani kwetu, na kila tulichokuwa nacho duniani tulikiweka katika nia hiyo.

Na mwunda mashua bora kuliko wote mjini alikuwa baba yangu.

Watu walimwita Fundi Kombo. Alikuwa mrefu, mkavu, mpole wa sauti na mgumu wa shingo, na kwa kuwa alinizaa mimi peke yangu, ule ugumu wa shingo haukwenda mbali. Banda lake la makuti lilikuwa ufuoni, na mimi nilikulia humo katika maranda. Nilijua harufu ya mbao kabla sijajua harufu ya halua. Nilipoolewa sikuacha kumpelekea chakula cha mchana, naye kila siku tonge la kwanza alinipa mimi, kama nilivyokuwa mdogo, akisema, "Chukua, Mama." Ndivyo alivyoniita, Mama, kama wazee wetu wanavyowaita binti zao.

Siku tuliyokwenda kumwuliza bei nilikuwa nimeshaipunguza kichwani mwangu. Athmani alinyamaza, maana mtu na mkwewe huoneana haya, kwa hiyo nilisema mimi. Baba akasikiliza, akafikiri, akatutajia bei. Ilikuwa ileile aliyomtajia mwenye hoteli.

"Baba," nikamwambia, "hiyo ni bei ya watu."

"Ni bei ya chombo, Mama."

"Hata kwangu mimi mwanao?"

Alipangusa vumbi kwenye randa yake, akasema bila kuniinulia macho, "Nikikupunguzia wewe, nimpandishie mtoto wa nani?"

Akarudi kwenye ubao wake. Neno lile lilikuwa la haki, sasa nalijua, lakini haki peke yake haimkumbatii mtu. Nilitoka pale machozi yananilenga. Niliona baba yangu amenitia katika kundi la wapita njia. Hasira hasara, wahenga walisema, lakini nadhani wahenga hao hawakuwa wamekataliwa na baba yao mbele ya mume.

Kesho yake alfajiri alikuja mteja wangu wa mahamri, dereva wa lori aitwaye Owino. Alikuwa mtu wa bara, kapanga chumba mtaa wa Kisumu Ndogo hapa Malindi, mcheshi, na Kiswahili chake kilitufurahisha sote. Aliniangalia akasema, "Mama Mahamri, leo sura iko namna gani?"

Nikamweleza. Akatikisa kichwa huku anatafuna. "Malindi kila kitu iko bei. Hawa watalii wameharibu soko. Sasa sikia. Hapo Mtwapa iko mzee anauza boti yake, anataka kwenda kulima Junju. Mimi napeleka mzigo Mombasa, na kurudi lori inakuwa tupu. Nyinyi mtanunua mafuta tu."

Ndivyo tulivyokwenda Mtwapa. Yule mzee alikuwa mwungwana. Alikuwa ameichoka bahari, mgongo unamsumbua, na shamba lake la Junju lilikuwa likimwita. Mashua ilikuwa nzuri, imara, ingawa imekaa nchi kavu kwa muda. Bei yake ilitufaa kiasi kwamba tulibakiwa na pesa za nyavu. Athmani angependa kuileta kwa bahari kama mwanamume, lakini kusi lilikuwa limechafua maji, basi ikapanda lori. Tulipokuwa tunaifunga kamba, mume wangu aliniuliza mara moja tu, kwa sauti ya chini, "Mzee Kombo tumemwambia?"

Nikamjibu, "Atajua akiiona."

Tulifika Malindi alasiri. Njia fupi ya kufika ufuoni ilipita mbele ya banda la baba. Nilimwambia Owino azunguke, apite ile ya nyuma yenye mchanga. Akanitazama, akasema, "Mama, na hii boti kubwa hivi, unaficha nani?" Lakini akazunguka, na lori likanasa, na tukashuka tukalisukuma, na makelele yetu yakawaita watu waliokuwa wamelala mchana. Kabla ya magharibi hapakuwa na mtu mjini ambaye hakuiona mashua niliyokuwa nikiificha.

Watu walitusaidia kuishusha. Wakaisimamisha juu ya gadi, yale magogo ya kukiegemeza chombo kikiwa nchi kavu, wakasikia kwa Owino jina ililopewa kwenye feri, wakatupa hongera, wakaenda zao. Nililala usingizi mtamu. Sikujua kwamba kazi rahisi ndiyo iliyokuwa imekwisha.

Sasa nikueleze desturi ya ufuo wetu, maana nyinyi mmekuta mambo ya injini. Chombo kilichoingia mjini mara ya kwanza hushuliwa majini na watu. Mwenye chombo hupika, hualika, na wote hungoja bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Maji yakijaa, fundi hushika nyundo akaigonga gadi ya kwanza mpaka ianguke. Hapo ndipo wanaume huweka mabega, wakaimba, wakakisukuma chombo mpaka kielee. Lile pigo la nyundo lina maana yake. Ni kama fundi amesema mbele ya watu: chombo hiki nakijua, kikiwa na neno niulizeni mimi. Bila fundi kugonga hakuna anayeweka bega. Hiyo si sheria ya serikali, wala huendi jela. Ni adabu tu, lakini adabu ya ufuoni siku zile ilikuwa na nguvu kuliko askari.

Bamvua ilipokaribia, Athmani alikwenda kuwaalika watu. Kila aliyemwendea alimkaribisha, akamwambia, "Tuko, ndugu yangu, tutakuja. Fundi nani?" Athmani alipojibu kwamba fundi wa mashua yuko Mtwapa, kila mmoja alimwambia neno lilelile: "Basi mwite mkweo." Mafundi wengine walikuwapo, lakini hakuna aliyekubali kugonga gadi ya binti wa Fundi Kombo na Fundi Kombo mwenyewe yu hai, anasali nao safu moja. Hawakutukatalia. Walituonyesha mlango wa kubisha hodi, na mlango huo ni ule wa baba niliokuwa nimeuzunguka kwa lori.

Bamvua ile ikaja ikaenda. Mashua ikabaki juani. Na ubao ukizidi kukaa juani hunywea, ukaachana na mwenziwe. Nilipitisha ukucha katikati ya mbao, ukaingia. Baadaye kikaingia kidole. Tena nafasi ya Athmani kwenye chombo cha watu alikuwa ameshapewa mtu mwingine, kwa kuwa tulitangaza wenyewe kwamba tuna chetu. Tukawa hatuna cha watu wala cha kwetu, na cha kwetu kinafumuka mbele ya macho yetu. Niliogopa, mwanangu. Usiku nilimsikia mume wangu akigeuka kitandani, na hakunilaumu hata kidogo, na kule kutonilaumu kulinichoma zaidi.

Baba alipita kila siku akienda msikitini. "Shikamoo, Baba." "Marahaba, Mama. Hamjambo?" "Hatujambo." Akapita. Macho yake hayakuiangalia ile mashua, na usifikiri ilikuwa kazi ndogo kwake, kwani ilikuwa kubwa kuliko jiko langu na imesimama pale pale. Chakula chake cha mchana nilikuwa nimeacha kumpelekea. Nilijidanganya kwamba nina kazi nyingi.

"Mimi siwezi kumwendea," Athmani aliniambia hatimaye. "Mkwe ni mkwe. Lakini wewe ni mwanawe. Mwana habishi hodi kwao."

Nikamwambia nitakwenda kesho. Kesho ikawa kesho kutwa, na kesho kutwa nayo ikawa na sababu yake.

Basi mama yangu akaja kuazima kwangu mbuzi ya kukunia nazi. Nilijua anazo mbili nyumbani. Akakaa, akanywa maji, akasifu mapazia yangu aliyoyaona miaka yote, kisha akasema kama mtu anayezungumza na ukuta, "Babako kanunua pamba ya kalafati. Nyingi."

Pamba ya kalafati ni ile inayokandwa kwa mafuta ikashindiliwa katikati ya mbao ili maji yasipenye. "Kwani bandani kuna chombo kinachovuja?" nikamwuliza.

"Bandani hakuna." Akainuka, akajitandia leso. "Mjini kiko kimoja, lakini hajaitwa." Akaichukua mbuzi yangu ya nazi akaenda zake, na mpaka leo hakuirudisha.

Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikatia wali wa nazi jikoni. Nilipika na samaki wa kupaka, kama anavyopenda, ukwaju wake usiwe mwingi. Nikajitwika sinia nikapita njia ya mbele, mchana kweupe, kila mtu ananiona.

Baba alikuwa ameketi juu ya gogo, anatia makali patasi. Nikamwamkia. Nikaweka chakula. Akanawa, akafunua, akanusa, akafunika tena.

"Nimekuja kukuita, Baba," nikasema.

"Wapi?"

"Kwenye chombo."

"Cha nani?"

"Changu."

"Kina fundi wake?"

"Yuko Mtwapa."

"Basi mwite." Sauti yake ilikuwa kavu, lakini niliziona ndevu zake zikitikisika, nikajua anazuia kicheko. Mimi sikuweza kuzuia changu, nacho kilikuwa kilio. Baba akaiweka patasi chini.

"Njoo ukae hapa, Mama. Sikiliza. Kununua Mtwapa hukunikosea. Huu msumeno nimeununua wapi? Mombasa. Baiskeli yangu je? Mombasa, tena nilimkimbia muuzaji wa hapa kwa sababu bei yake haikuwa na kitu ndani ila tamaa yake. Mtu ana haki ya kutafuta nafuu, pesa zake zimemtoa jasho. Ulinikosea ulipozunguka njia ya nyuma. Ungepita hapa mbele ukasimama, ukaniambia, Baba, nimepata kwingine, ningekwambia Mungu akutilie baraka, na siku ileile ningeshika nyundo. Umenipita kama unayempita mtu anayekudai. Nimekukosea nini hata unione hivyo?"

Nilikuwa nimeinamisha kichwa, nafinya ncha ya leso.

"Tena mimi nina kosa langu," akasema. Alikohoa, maana hakuwa amezoea kuyasema maneno hayo. "Nilikutajia bei, sikukutajia kilichomo. Nilidhani unajua kwa kuwa umekulia hapa. Mtoto hukulia nyumbani kwao asijue paa limefungwa na nini. Katika bei yangu mna mbao, sawa. Mna chakula cha hawa wanaonisaidia. Lakini zaidi ya yote mna kuja kwangu. Kila mwaka nitakuja kukitazama chombo hicho, mvua au jua. Ubao ukioza nitakuja. Kikigonga mwamba Athmani akarudi usiku amelowa, nitaamka. Nitakuja mpaka siku nitakayokufa. Hicho ndicho nilichokuwa nikikuuzia." Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya bei. "Sasa ningekupunguzia nini, Mama? Siku zipi nisije?"

Mwanangu, mimi ni mzee sasa. Nimesikia mawaidha mengi misikitini na redioni. Hakuna neno lililoniingia kama lile. Nilimshika baba yangu magoti nikalia, naye akanipigapiga mgongoni kwa ule mkono wake mgumu, akasema wali unapoa. Akafunua sinia, akafinyanga tonge la kwanza, akanipa.

Alasiri ile alikuja kuiona mashua. Alizunguka polepole, anagonga ubao kwa kifundo cha kidole, anasikiliza. Nilimfuata nyuma nikingoja aseme kwamba tumeuziwa kitu kibovu. Sijui kwa nini nilitaka aseme hivyo. Labda ningeona nimelipia kosa langu. Lakini baba alisimama kwenye omo, mbele ya chombo, akapapasa pale mbao zinapokutana, akasema, "Aliyeunda hii anaijua kazi. Nikionana naye nitampa mkono." Kisha akatugeukia mimi na Athmani. "Ugonjwa wake ni jua tu, na jua mmelitia nyinyi."

Alifanya kazi siku kadhaa, akashindilia pamba yote aliyoinunua, akaagiza nyingine. Ilipokwisha alimtoza Athmani gharama ya kalafati kama anavyomtoza kila mtu. Tulilipa kwa zile pesa za nyavu tulizookoa Mtwapa. Ukiniuliza ile nafuu yetu ilikwenda wapi, ilikwenda hapo, na nyavu tuliazima.

Bamvua iliyofuata nilipika pilau ya kuulisha mji mzima. Watu walikuja mpaka wa Mambrui. Owino alikuja na shati lake la Jumapili, akasema kwa sauti, "Mimi ndio nilileta hii abiria, na sijalipwa pilau." Maji yalipojaa, baba alishika nyundo akasimama kwenye gadi ya kwanza. Akauliza kwa desturi, "Chombo hiki jina lake nani?"

Athmani alikuwa amechagua jina zuri, la heshima, nimelisahau. Kabla hajalitaja, ufuo mzima uliitikia, "Abiria."

Baba akacheka waziwazi. "Abiria akishafika huwa mwenyeji," akasema, akapiga nyundo. Gadi ikaanguka. Mabega yakawekwa, la Owino katikati ya mabega ya wavuvi, naye anaimba wimbo asioujua maneno yake. Mashua ikateleza ikaingia majini, na kwa mara ya kwanza mbele ya macho yangu ikaelea. Athmani alisimama ndani yake ananitazama, machozi yanamtoka hadharani.

Fungu la chombo likaanza kuja nyumbani kwetu. Baba naye alikuja kila mwaka kuitazama Abiria, kama alivyoahidi, ingawa hakuwa ameiuza yeye. Aliitazama mpaka magoti yake yalipokataa kuinama, na baada ya hapo alikaa kwenye kiti ufuoni akimwelekeza Athmani kwa bakora. Alipofariki, Mungu amrehemu, jeneza lake lilipitishwa mbele ya banda, njia ya mbele, na Athmani alikuwa miongoni mwa walioliweka begani.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii, nakupa bila kuificha katika hadithi. Bei ya mtu usiikimbie kabla hujamwuliza kilichomo ndani yake. Kaa naye, mwulize kwa adabu: nikinunua kwako, gari likiharibika utakuja? Ukimkuta hana kitu humo ila tamaa, mwache na gari lake, panda basi uende Mombasa, na hakuna atakayekulaumu. Lakini ukikuta katika bei yake mna siku zake, usipime siku hizo kwa mizani ya Nairobi. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Na hata ukiona lazima ununue mbali, mpitie wa karibu umwambie. Mtu hachukii kukosa biashara kama anavyochukia kuzungukwa. Nawe ukija kuwa muuzaji, usikae na bei yako kimya kama baba yangu. Sema kilichomo, maana wengi tunaowapenda hatuwaambii tunachowapa, tukawaacha waone gharama peke yake.

Najua pikapu unayoiona ghali ni ya nani. Ni ya mtoto wa Owino, yule mwenye gereji Kisumu Ndogo. Babake alimfundisha kazi, na siku gari la wagonjwa lilipokufa njiani na binti yangu ndani anaumwa uchungu, aliyeamka kuja kulitengeneza ni yeye. Labda bei yake ina tamaa, sijui, siku hizi watu hubadilika. Nenda ukamwulize. Pita njia ya mbele.

Nenda, mwanangu. Mola akufungulie riziki ya halali, akulindie macho barabarani na ulimi sokoni. Popote utakaponunua, akupe chombo kizima, na zaidi ya chombo, akupe watu wa kukishua.